Verla Stambaugh na Insha Iliyokataliwa

Verla Stambaugh alipokasirika hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, maneno yakapungua, na sisi majirani zake wa Slate Fork tukiisikia sauti ile tulianza kutafuta kisingizio cha kurudi makwetu. Marehemu mumewe, Estill, aliyechimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakamwisha, aliniambia kwamba mgodini aliogopa paa kuporomoka, na nyumbani aliogopa mkewe akinong'ona.

Alikuwa mpishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande huu wa mashariki ya Kentucky ambako kazi za maana zimebaki chache. Mfupi, mabega mapana, nywele hazijaguswa na mkasi tangu azaliwe, maana kanisa lake la Utakatifu haliruhusu mwanamke kukata nywele. Aliishi na mjukuu wake Raelynn, mtoto wa miaka kumi. Mama yake Raelynn, Misty, ndiye aliyekuwa binti pekee wa Verla. Alikufa kwa uraibu wa vidonge vya kutuliza maumivu, kama walivyokufa watoto wa nyumba nyingi bondeni kwetu miaka ile. Raelynn ndiye aliyemkuta sakafuni bafuni.

Mwaka mmoja baadaye, msimu wa majani kupukutika, darasa la Raelynn lilipewa insha: mtu aliyenisaidia siku ngumu. Ukurasa mmoja. Kila mtoto angeisoma yake mbele ya wazazi jioni moja shuleni, halafu insha zote zingebandikwa ukutani ukumbini.

Raelynn aliandika kwamba siku mama yake alipokufa alipiga simu ya dharura, kisha akakaa pembeni ya beseni la kuogea kusubiri gari la wagonjwa. Gari likachelewa kwa sababu barabara yetu ina kona nyingi. Akaandika kwamba Yesu alikuja akakaa naye pale pembeni ya beseni. Hakusema kitu. Hakufanya muujiza. Alikaa tu, mpaka watu wakafika.

Insha ilirudi siku ya pili ikiwa na karatasi ndogo ya njano juu yake.

"Mwalimu anasemaje?" Verla aliuliza. Mimi nilikuwa pale jikoni, nimekuja kurudisha sufuria yake.

"Anasema nichague mtu wa kweli," alisema Raelynn.

Verla aliweka kisu chini.

"Hebu rudia."

"Mtu wa kweli, Bibi. Anasema naweza kuandika juu ya wale wa gari la wagonjwa." Mtoto alikuwa anavua viatu, hatutazami. "Lakini wale walichelewa."

Verla alichukua karatasi ile ya njano akaibandua taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akaniambia, kwa ile sauti, "Dada, kesho asubuhi gari lako linakwenda wapi?"

Linakwenda shuleni, nikasema. Ningesema nini?

Mwalimu mkuu aliitwa Lowell Prichard. Si mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa woga. Mji wa jirani walikuwa wameburutwa mahakamani kwa ajili ya sala kwenye mahafali, na tangu hapo Prichard alimwona wakili nyuma ya kila mlango. Mwalimu wa Raelynn, Bi. Corwin, msichana aliyetoka chuoni juzi tu, alikaa kando ya meza yake huku akivuta vuta mikono ya sweta. Walitukaribisha viti. Verla alibaki amesimama.

"Bi. Stambaugh, kwanza nikupe pole," Prichard alianza. "Sote tunampenda Raelynn. Lakini sisi ni shule ya serikali. Mikono yangu imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na Katiba."

"Umeisoma?"

Prichard akakohoa. "Kwa mambo haya tunafuata ushauri. Mtoto akisoma maneno ya dini jukwaani, wazazi wote wapo, bendera ya shule iko nyuma yake, mtu anaweza kusema ni shule inayohubiri."

"Shule ndiyo iliyomkuta mama yake sakafuni?"

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, tukasikia kipenga.

"Mimi niliipenda sana," alisema Bi. Corwin, sauti ndogo. "Ni insha nzuri kuliko zote. Nilifikiri labda pale alipoandika Yesu, angeandika rafiki. Maana ingebaki ileile."

Verla akamgeukia. "Binti, wewe una mchumba?"

"Ndiyo, mama."

"Anaitwa nani?"

"Colby."

"Akifa Colby, halafu nikakwambia uandike mwenzangu fulani kaburini, maana itabaki ileile?"

Msichana akainama. Prichard akasema wangeweza kufanya jambo moja: insha ingesahihishwa, ingepewa alama zake, ila haitasomwa na haitabandikwa. Mtoto angeweza kukaa maktaba jioni hiyo ili asijisikie vibaya.

"Maktaba," Verla alirudia. "Wenzake wanasoma, yeye mmemficha na vitabu. Kama mtoto aliyejikojolea." Akachukua mkoba wake. "Lowell, mimi nilimpikia mama yako uji mpaka siku aliyokufa. Nilikuwa namsikia anaomba kila asubuhi, na pale ni nyumba ya serikali. Sikumwambia achague mtu wa kweli."

Tukaondoka kwa gari mpaka darajani. Pale akasema, "Niache nishuke." Akashuka, akatembea ile njia yote iliyobaki.

Bondeni kwetu habari haihitaji gazeti. Jumapili ile Mchungaji Gaylon Messer, wa lile kanisa kubwa la matofali karibu na kituo cha mafuta, alimwombea Raelynn kwa jina mbele ya waumini wake, ingawa Verla hakuwa muumini wake na mtoto hakumjua. Jumatano akaja nyumbani na keki ya nazi na mgeni. Mgeni aliitwa Trent Bassett, wakili kutoka mbali, viatu vyake havijawahi kukanyaga tope la makaa. Jumuiya yake, alisema, ilitetea Wakristo wanaonyanyaswa, na haikudai malipo.

Verla aliwapokea vizuri. Nisimsingizie: siku ile alifurahi. Aliwapa kahawa, akawapa mkate wa mahindi, akawasomea insha kwa kinywa chake mwenyewe, na Bassett aliposikia sehemu ya beseni macho yalimlowa kweli.

"Mama, mtoto huyu ana haki," alisema. "Mwanafunzi akipewa kazi, anaweza kuijibu kwa imani yake. Sheria iko wazi. Kazi ya mwalimu ni kupima uandishi, si kupima Mungu. Hapa tutashinda kabla ya chakula cha mchana."

"Basi tushinde," alisema Verla.

Sikukaa kwa raha, kwa sababu nilimwona Raelynn amesimama kwenye ngazi, anasikiliza, na hakuna aliyemwita.

Kilichofuata ni fulana. Nyeupe, za pamba. Mbele zimechapwa picha ya Raelynn ile ya shule, jino moja halipo, na chini yake kwa herufi nyekundu: ALIKAA NAMI. Kanisa la Messer lilizichapisha likazigawa. Hawakumwuliza Verla. Hawakumwuliza mtoto. Jumamosi Raelynn aliingia kituo cha mafuta kununua maziwa akakuta wanaume wanne wamesimama kwenye foleni ya sigara, kila mmoja amevaa uso wake kifuani. Mmoja wao akamshika kichwa akamwambia, "Wewe ndiye shujaa wetu, kipenzi."

Alitapika pale pale mlangoni. Aliacha maziwa akakimbia nyumbani.

Verla aliponisimulia alikuwa anasugua sakafu iliyokwisha kuwa safi. "Wamechukua neno la mtoto wangu alilolisema juu ya maiti ya mama yake," alisema, "wakalivaa kwenda kununulia sigara."

Messer na Bassett walirudi Jumatatu bila kujua lolote, wamechangamka. Bodi ya shule ingekutana wiki hiyo na televisheni ingekuja. Bassett alikuwa na mpango mkubwa zaidi sasa. Insha ilikuwa mlango tu, alisema. Tukishaingia, tutaitaka bodi irudishe sala ya asubuhi, kwa kipaza sauti, madarasa yote, kama enzi za wazee wetu.

"Sala ya nani?" Verla aliuliza.

"Ya kawaida tu, mama. Sala ya Kikristo."

"Ndiyo nauliza. Ya nani?"

Messer akacheka kidogo. "Aa, Verla, sote tunaomba kwa Mungu mmoja."

Hapo ndipo sauti iliposhuka.

"Gaylon, wewe hukuwa umezaliwa. Mwaka sitini nilikuwa darasa la kwanza hapa hapa Slate Fork. Mwalimu wetu alikuwa Bi. Oma Ratliff, wa kanisa lenu. Kila asubuhi Biblia, kisha sala, na sala yake ilimalizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Sisi kwetu tunabatiza kwa jina la Yesu peke yake. Baba yangu alinikataza maneno yale. Kwake yalikuwa kumwasi Mungu. Basi wenzangu wakiyasema mimi nilifumba mdomo. Unajua Bi. Oma alifanya nini?"

"Hayo ni ya zamani," alisema Messer.

"Alinisimamisha nyuma ya lile jiko kubwa la makaa lililopasha darasa joto, uso ukutani, kila asubuhi, mpaka wenzangu wamalize. Mgongo unaungua, uso baridi. Watoto wakatuita wagaagaa, eti kwetu tunaomba kwa kugaagaa chini. Baba alikwenda kulalamika, akaambiwa ndiyo sheria ya jimbo, kama hapendi afungue shule yake. Mtu aliyekuwa hana hata viatu vya pili. Mimi nikasimama pale mpaka darasa la nne, ile mahakama kuu ya Washington ilipokataza shule za serikali kuwasalisha watoto. Makanisa yenu yalilia siku hiyo. Baba yangu, aliyepiga magoti mara tatu kwa siku maisha yake yote, alikula sahani mbili za maharage akalala kama mtoto."

Bassett alijaribu. "Mama, mtu asiyetaka ataruhusiwa kutoka nje."

"Najua. Nyuma ya jiko ndiyo nje yenyewe, na ndiko nilikokuwa." Akainuka. "Na binti wa Daktari Qureshi, yule Mwislamu aliyemtibu Estill mpaka mwisho bila kuchoka, yeye mtamweka nyuma ya jiko lipi? Ondokeni kwangu. Keki yenu chukueni."

Messer aliichukua. Nusu ilikuwa imeliwa, na aliibeba hivyo hivyo mpaka garini.

Mkutano wa bodi ulifanyika ukumbi wa mazoezi wa shule. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za mbao wanakokaa watazamaji, na kila ulipotazama ulimwona Raelynn, pengo lake na yote, kwenye matumbo ya watu. Mtoto mwenyewe tulimwacha kwa dada yake Estill. Kamera ilikuwa moja tu.

Jambo la insha liliisha upesi. Wakili wa shule, mama mzee aitwaye Imogene Castle, alisimama na miwani puani akasema bila kuzungusha kwamba mwalimu mkuu amekosea. Shule haiwezi kumwamuru mtoto aseme Yesu, wala kumkataza akijibu kwa uaminifu swali aliloulizwa. Maneno ni ya mtoto, si ya shule. Insha isahihishwe kama nyingine, isomwe kama nyingine, ibandikwe kama nyingine. Prichard alikaa amewiva kama nyanya. Watu wakashangilia, wakapiga mbao kwa miguu mpaka vumbi likapanda.

Bassett akasubiri kelele zitulie, akasimama, akaomba sala ya asubuhi.

Wakashangilia zaidi. Nikamtafuta Verla pembeni yangu nikakuta kiti kitupu. Alikuwa tayari kwenye kipaza sauti, na kwa kuwa ni mfupi, alikivuta chini kwa nguvu kikalia.

"Mimi ndiye bibi yake," alisema. Wakapiga makofi. "Nyamazeni. Sijaja kupigiwa makofi."

Wakanyamaza.

"Lowell Prichard alimziba mtoto wangu mdomo. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Sasa huyu bwana wa viatu anataka kuwafumbua watoto wote midomo na kutia maneno ndani. Hayo ni mambo mawili? Kwangu ni mkono uleule. Raelynn aliandika neno lile kwa sababu lilikuwa lake. Hakuambiwa na mtu. Siku mtakayomwambia aseme, halitakuwa lake tena, litakuwa la Gaylon Messer."

"Kaa chini, Verla," mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Nitakaa nikimaliza, Denzil. Wewe ulikuwepo kwenye mazishi ya Misty? Nani kati yenu alikuwepo?" Alitazama ngazi za watu, safu kwa safu, bila haraka. "Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mlisema huyo ni mlevi wa vidonge, mkabaki majumbani. Leo mko mia ngapi hapa, mmevaa uso wa binti yake. Vueni."

Hakuna aliyetikisika.

"Nimesema vueni. Mtoto ametapika kwa ajili ya fulana hizo. Kama mnampenda Yesu, yeye hakuhitaji picha ya mtu kifuani ili akae na mtoto."

Wakaanza kumzomea. Si wote, lakini walitosha. Mwanamke mmoja alimwita msaliti, mwingine akasema kanisa lenyewe ni la wagaagaa, wanajua nini. Katika kelele zile mchimba makaa mmoja mzee, Harless, aliyefanya kazi na Estill, aliinuka kwa taabu, akavua fulana mbele za watu, kifua kimejaa mvi, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena. Wengine wachache wakafanya hivyo hivyo. Wengi hawakufanya. Bi. Castle akaiambia bodi kwamba ombi la Bassett wakilikubali mahakamani atakachoweza kuwapa ni pole tu, na bodi, kwa woga uleule wa Prichard, ikalikataa.

Verla alipita katikati ya watu kutoka nje na hakuna aliyemgusa. Kwenye gari alivuta mkanda mara tatu ukakataa kufunga. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi mkononi. "Niache," alisema. "Nikitulia nitalia, na sitaki kulia kwa ajili ya hawa."

Wiki ile sanduku lake la barua, lile la kando ya barabara, lilibomolewa kwa gongo la kuchezea besiboli. Alilisimamisha. Likabomolewa tena. Alilisimamisha tena, safari hii ndani ya bomba la chuma alilolijaza zege, na asubuhi iliyofuata tuliliona gongo limevunjika vipande viwili mtaroni. Hiyo ndiyo siku pekee nilipomwona akitabasamu msimu mzima.

Jioni ya kusoma ilipofika, Raelynn alikataa.

"Umeruhusiwa," Verla alimwambia. "Tumepigana ili usome."

"Nimsomee nani, Bibi? Wote wanaijua." Alikuwa anakula maharage, moja moja. "Si yangu tena."

Wenzake Raelynn walisoma juu ya makocha na wajomba. Yeye alikaa nyumbani, akatazama katuni.

Jumamosi iliyofuata Bi. Corwin alikuja, peke yake, bila kutumwa. Alileta insha. Alama zilikuwa za juu, na kwa wino wa kijani alikuwa amezungushia maneno mawili yaliyokosewa tahajia, kama alivyomfanyia kila mtoto. Verla alimwacha amesimama kibarazani mpaka pua ikawa nyekundu, ndipo akamfungulia.

Msichana hakuomba radhi kwa hotuba. Alikaa kwenye zulia karibu na Raelynn akamwuliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Raelynn alimtazama kwanza kuona kama ni mtego. Kisha akasema mama alipenda kuweka haradali kwenye biskuti, vile vimkate laini vya kwetu vya asubuhi. Akasema mama aliendesha gari bila viatu. Akasema mama akiwa mzima, siku ambazo alikuwa mzima, aliweza kuiga kila mtu kanisani, hata mchungaji, na wewe ungejikojolea kwa kucheka. Akaendelea. Mchana ukaenda, chai ikapoa, na mtoto aliyekuwa amezungumza neno moja moja tangu mazishi akawa anamwaga tu.

Mimi na Verla tulikuwa jikoni. Alikuwa anakanda unga, akiupiga chini mezani kwa ngumi kama mtu amekamata mwizi.

"Mwaka mzima," aliniambia, kwa ile sauti ya chini. "Lowell hakuuliza. Gaylon hakuuliza. Yule wa viatu alilia machozi na hakuuliza. Mimi nimelala naye nyumba moja, nimempigania mpaka kwenye bodi, na sikuuliza. Nilikuwa nimemkasirikia Misty mno hata jina lake lisinitoke humu ndani."

Akaupiga unga tena. Sebuleni Raelynn alikuwa anaonyesha jinsi mama yake alivyoiga mchungaji akipandwa na Roho, na mwalimu alikuwa anacheka, kisha akajizuia, kisha akacheka tena.

"Nenda kakae nao," nilisema.

"Nitakwenda," alisema Verla, mikono imejaa unga, machozi na hasira vimechanganyika usoni. "Ngoja kwanza nimalize kuupiga huu."